Dirisha la Namba 44: Wasifu wa Marehemu Bi Merle Edna Ottaway, 1946–2024

Tiki. Kisha kimya kidogo, kisha tiki nyingine ng'ambo ya barabara, kisha nyingine mbele yake, hadi mwisho wa mtaa. Kila aliyewahi kupita Mtaa wa Kendall saa kumi na moja jioni anaijua sauti hiyo. Ni visaa vya kuwashia taa za madirisha ya maduka. Marehemu alivitega kwa mkono wake mwenyewe, na havikuwahi kukubaliana hata siku moja. Ndiyo maana taa za mji wetu wa Harlow Bend huwaka moja moja, kana kwamba kuna mtu anayetembea dukani hadi dukani akiziwasha.

Marehemu Merle Edna alizaliwa Jumamosi, tarehe 9 Machi 1946, katika shamba la plamu la wazazi wake, Bw. Horace na Bi Ada Quilter, kilomita kumi na moja magharibi ya mji huu. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano. Mama yake alisimulia kwamba alizaliwa wakati matunda yakiwa juani yakikaushwa, hata mkunga akaondoka na plamu mfukoni mwa aproni.

Alisoma shule ya msingi hapa mjini, kisha sekondari hadi mwaka 1961. Hakuwa hodari wa hesabu. Mwalimu wake mmoja aliandika kwenye ripoti kwamba msichana huyu hutazama sana dirishani. Baba yake alimkaripia, lakini mama aliitunza ripoti ile, na leo tumeiweka ndani ya jeneza.

Akiwa na miaka kumi na sita alikwenda mji mkubwa wa Wagga kufanya kazi katika duka kubwa la nguo, na huko akafundishwa upambaji wa madirisha. Alijifunza kuning'iniza kofia kwa uzi wa kuvulia samaki ili ionekane inaelea, na kuficha pini mahali ambapo jicho halifiki. Alijifunza pia desturi aliyoishika maisha yake yote: dirisha likikamilika, mpambaji hutoka nje na kulipita bila kusimama, kwa sababu wateja hawasimami. Kama halikumgeuza shingo, anarudi ndani na kuanza upya.

Mwaka 1966, akiwa nyumbani kwa likizo, aliingia duka la viatu la Ottaway, namba 44 Mtaa wa Kendall. Kijana wa duka alikuwa amepiga magoti mbele ya mteja mwingine, kwa hiyo marehemu alikiona kwanza kipara chake kidogo utosini, mviringo kama sarafu, kabla ya kuuona uso. Zamu yake ilipofika, kijana aliuweka mguu wa marehemu juu ya kipimo, akautazama, akaweka na wa pili.

"Wa kushoto ni mkubwa kuliko wa kulia," alisema.

"Usinitangaze."

"Simwambii mtu. Ila itabidi uje kununua viatu hapa maisha yako yote."

Walifunga ndoa tarehe 4 Novemba 1967, katika kanisa hili tulimo. Bw. Clement Ottaway, yule kijana wa duka, alimvisha bibi harusi viatu kwa mkono wake mbele ya wazee, akianza na wa kushoto, na baadhi ya shangazi hawakupendezwa. Walijaliwa mtoto mmoja, Lorelle, mwaka 1971. Kila mwisho wa Januari, shule zilipokaribia kufunguliwa, foleni ya watoto ilitoka namba 44 hadi posta. Wengi wenu mliomo humu mlipimwa na Clem.

Tarehe 22 Agosti 1993 mto ulifurika. Clem alitoka kwa mashua ndogo kwenda kumsaidia jirani kuhamisha kondoo. Mashua ilipatikana siku ya tatu. Clem hakupatikana. Marehemu alifunga duka, akabandika magazeti ya wiki ile kwenye kioo chote kwa ndani, akageuza ufunguo. Magazeti yale yalikaa pale karibu miaka thelathini na moja, na watoto waliozaliwa baadaye walijifunza kusoma kwa bei za kondoo wa mwaka 1993.

Baada ya hapo mji wenyewe ulianza kufungwa. Kiwanda cha kusindika matunda kilifungwa mwaka 1996. Barabara kuu ikahamishwa nje ya mji mwaka 1999, na malori ya mpunga na machungwa yakaacha kupita. Kufikia mwaka 2003, maduka kumi na tisa kati ya arobaini na manane ya Mtaa wa Kendall yalikuwa matupu. Ndipo Bw. Darcy Pruett, ofisa wa maendeleo wa halmashauri, aliyekuwa bado kijana, akabisha hodi kwa marehemu.

"Bi Merle, watu wanapita mtaa ule kama wanapita makaburini."

"Sasa unataka niwauzie nini, mwanangu?"

"Huuzi kitu. Unapamba tu. Ionekane kuna watu."

"Yaani nidanganye."

"Kidogo."

"Na mshahara?"

"Mdogo."

"Basi nitadanganya kidogo."

Alinunua visaa kumi na vinane. Namba 44 hakuigusa.

Dirisha la kwanza alilifanya la mwokaji, lenye mikate ya plasta na sanamu ya dukani iliyovishwa aproni yenye unga. Sanamu ile ilikuwa kuukuu. Mkono wa kushoto ulikosa kidole cha pete. Miezi saba baadaye, Bw. Trung Lieu, mwokaji aliyekuwa akipita na familia yake, alisimama kununua mkate, akakuta mlango umefungwa, akapiga simu halmashauri kuuliza. Akapanga duka. Siku ya ufunguzi marehemu alinunua pai ya kwanza. Bw. Lieu alipompa chenji kwa mkono wa kushoto, marehemu aliutazama mkono ule, akasahau pai kaunta. Kidole cha pete hakikuwepo. Kilikatwa na mashine zamani, kabla hata dirisha halijafikiriwa.

Dirisha la pili lilikuwa la mshonaji: cherehani ya kukanyaga, kitambaa cha kijani, na sanamu ambayo shingo yake ilikuwa imekwama upande mmoja. Mwaka uliofuata Bi Gurmeet Sandhu alipanga pale. Yuko nasi leo, na ametupa ruhusa kusema kwamba shingo yake haijageuka kulia tangu utotoni.

Watu walianza kumtania. Baani walimwambia, "Bi Merle, sanamu zako zina maisha kuliko sisi. Tuwekee na benki basi."

"Nikiweka benki itakuja na foleni yake," aliwajibu.

Lakini nyumbani hakutania. Baada ya Bi Sandhu, alizikusanya sanamu zote kwenye banda lake na kuzitengeneza kwa gundi na plasta, kidole kwa kidole, sikio kwa sikio. Lorelle alipomuuliza sababu, alisema, "Sitaki mtu mwingine aje ameumia kwa ajili ya uvivu wangu." Aliweka dirisha la daktari akiwa ameipaka sanamu rangi mpya mwili mzima. Daktari alifika baada ya miezi kumi na mmoja, mzima wa afya, na yupo hadi leo. Likaja duka la vitabu, la pembejeo za kilimo, la kahawa. Wakulima wakarudi kufanya manunuzi mjini, soko la machungwa la Jumamosi likahamia Mtaa wa Kendall, na kufikia mwaka 2019 hapakuwa na duka tupu hata moja, isipokuwa namba 44.

Halmashauri ilimwomba mara nyingi. Mwaka jana iliamua kwamba namba 44 isipopata mpangaji hadi tarehe 30 Juni 2024, itabomolewa iwe njia ya kuingilia maegesho. Bw. Pruett alimletea barua mwenyewe.

"Lipambe tu, Bi Merle. Jozi mbili za viatu. Nakuomba kama mama yangu."

"Dirisha la viatu litamwita mtu wa viatu, Darcy."

"Si ndicho tunachotaka?"

"Mto umekaa naye miaka thelathini. Nikimwita, atakuja vile alivyo."

Bw. Pruett aliiacha barua mezani. Aliomba maji ya kunywa, akaaga.

Mwezi Februari mwaka huu marehemu aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Aliuguzwa nyumbani hadi Mei, kisha akalazwa hospitali ya mji. Jumanne tarehe 11 Juni aliomba kiti cha magurudumu na ufunguo wa namba 44. Lorelle na Bw. Lieu walimpeleka. Walibandua magazeti, naye akayakunja yote vizuri. Akachagua sanamu ya kike iliyo kuukuu kuliko zote, akaivisha nywele za mvi na sweta lake la bluu, akaikalisha kwenye kiti cha wateja. Mguu wa kulia una kiatu. Wa kushoto mtupu, kiatu chake kikiwa zuliani, kamba zimefunguliwa. Mbele yake kigoda cha Clem, bila mtu.

"Na baba?" Lorelle aliuliza.

"Baba yako simwiti. Nimejiweka mimi. Mimi ndiye ninayesubiri."

Alitega kisaa cha kumi na tisa. Nje, Lorelle alipunguza mwendo wa kiti mbele ya kioo.

"Usisimame," mama yake alimwambia. "Wateja hawasimami."

Walipita. Marehemu aligeuza shingo.

Ufunguo ulirudi kwa Bw. Pruett, aliyekuwa akiutunza tangu ile barua, siku hiyo hiyo na hakuna mwingine aliyekuwa nao. Jumatatu tarehe 17, mtu asiyemfahamu alimpigia simu. Alikuwa Bw. Najib Rezai, fundi viatu ambaye kwa miaka minne amekuwa akipanga machungwa kwenye maboksi katika ghala la nje ya mji. Alitaka kujua kama yule mzee wa duka la viatu anahitaji msaidizi.

"Mzee gani?"

"Yule tuliyemwona mimi na mke wangu Ijumaa jioni, taa zilipowaka. Amepiga magoti anamvisha bibi kiatu. Uso sikuuona, alitupa mgongo. Ana kipara kidogo hapa juu, kama sarafu."

Bw. Pruett alikwenda kufungua. Sanamu ilikuwa moja tu, ile ile, kitini. Mguu wa kushoto ulikuwa ndani ya kiatu na kamba zimefungwa mafundo mawili, kama watoto wa mji huu walivyofungiwa kila Januari. Zuliani, mbele ya kigoda, palikuwa na madoa mawili ya maji, ya mviringo, yaliyoachana kadiri ya magoti ya mtu. Aliyagusa. Anasema yalikuwa baridi, na hapakuwa na kitu cha kutisha ndani ya chumba kile, ila aliona vyema avue kofia.

Bw. Rezai alitia sahihi mkataba wa miaka mitatu Jumatano tarehe 19. Namba 44 haitabomolewa. Marehemu aliambiwa jioni ile, akaomba arudiwe sehemu ya kipara, akarudiwa mara mbili.

Marehemu ameacha binti, Lorelle, na mkwe, Bw. Stellan Voss, wajukuu wawili, Odette na Corin, dada mmoja, Bi Thelma Quilter, na mtaa mzima wenye taa. Mapambo ya dirisha la namba 44 yatabaki yalivyo kwa ombi la Bw. Rezai. Alale salama, Bi Merle wetu, na asisubiri tena.

Familia imependa saa yake ya mwisho isomwe baada ya majina. Ilikuwa Alhamisi tarehe 20 Juni 2024. Dirisha la wodi lilikuwa wazi kidogo kwa sababu aliomba hivyo, na hospitali haiko mbali na Mtaa wa Kendall. Saa kumi na moja jioni sauti ile ilianza, tiki, kimya, tiki, ikaja ikikaribia. Lorelle alihesabu hadi kumi na nane. Ya kumi na tisa ilipolia, mama yake alitoa mguu mmoja nje ya shuka, akauinua kidogo, jinsi mtu anavyomsaidia aliyeinama mbele yake, akasema kwa sauti ndogo sana:

"Wa kushoto kwanza, Clem."