Mzee Nashoni Muniko, Bwana Mifugo Aliyekataa Ugonjwa Ufichwe

Mzee Nashoni alizaliwa Nyarero, Tarime, tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa Mzee Muniko Sasi na Mama Agustina. Alianza shule hapo hapo kijijini, akamaliza kidato cha nne mjini Musoma mwaka 1970. Kisha alisomea mifugo, na mwaka 1975 akapangiwa Ringwani, wilayani Serengeti. Baadaye alihamia Kisaka, ambako alistaafu mwaka 2011.

Mwaka 1994 homa ya mapafu ya ng'ombe ilianzia kwenye boma la mtu mkubwa pale Kisaka. Mtu huyo alimwomba aseme ng'ombe wamekula majani mabaya. Asubuhi ya mnada Mzee Nashoni alipanda juu ya kreti la soda, akautaja ugonjwa, akalitaja boma, akafunga mnada. Wafanyabiashara walimtukania mama.

"Mama yangu mzima," aliwajibu. "Wagonjwa ni ng'ombe wenu."

Alifunga ndoa na Tabitha tarehe 10 Disemba 1977. Siku ya kupeleka mahari, kabla wakwe hawajaona, yeye mwenyewe aliwaonyesha fahali mmoja aliyekuwa akichechemea. Baba yake hakusema naye mpaka mavuno.

Mtu wa namna hiyo asingeweza kuvumilia mjadala wa bungeni kuhusu muswada wa kupanua siri za serikali. Aliusikiliza redioni, mgahawani Kisaka. Mbunge wetu wa wakati ule, ambaye wapiga kura wake walikuwa hawajamsikia akichangia jambo lolote, siku hiyo alipata sauti. Aliuliza: "Mwananchi wa kawaida akipewa taarifa atazifanyia nini?" Wenzake wakapiga meza.

Mzee Nashoni aliijibu redio: "Na wewe ukipewa kiti unakifanyia nini, zaidi ya kulala?"

Mheshimiwa alipokuja Kisaka kuomba kura tena, alimfuata kwa heshima zote.

"Shikamoo, mzee wangu. Habari za nyumbani?"

"Marahaba. Za nyumbani ni siri."

"Mzee wangu una utani! Una miaka mingapi sasa?"

"Siri. Lakini wewe tumbo limeongezeka tangu uchaguzi. Hilo nalo tusilione?"

Watu walicheka mpaka kipaza sauti kikazimwa. Mheshimiwa hakurudi bungeni. Leo ametuma shada la maua. Tumelipokea, na mbuzi wamelikaribia.

Mwaka 2023 Mzee Nashoni alianza kuugua. Mwezi Oktoba mwaka uliofuata alipimwa Mwanza, akaelezwa ukweli, naye akatueleza jioni ile ile alipofika. Mei mwaka huu wa 2025 mdogo wake, Emanueli, alimsomea rasimu ya wasifu huu. Ilisema: "Aliugua kwa muda mrefu."

"Ugonjwa gani?" aliuliza kutoka kitandani.

"Kaka, wakwe watakuwepo. Wanawake watasikia."

"Wasikie. Nao wana waume. Hata ng'ombe wa watu niliwatajia kilichowaua, mimi ndugu yako unifukie na majani mabaya? Mkisoma hivyo, mtakuwa mmeupitisha ule muswada nyumbani kwangu."

Emanueli alibisha wiki nzima. Kwa sababu hiyo kaka yake aliagiza kwamba msomaji awe yeye na si mwingine, na ndiye aliyesimama mbele yenu sasa.

Mzee Nashoni Muniko alifariki tarehe 2 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri, nyumbani Kisaka, kwa saratani ya tezi dume. Aliyachukulia maumivu ya kukojoa kuwa uzee kwa mwaka mzima, akachelewa kupima. Alitaka na hilo lisemwe.

Ameacha mjane, Tabitha, watoto watatu, Sylvester, Rhobi na Tomaso, wajukuu tisa, na mdogo wake Emanueli, ambaye alikwenda kupima juzi. Wanaume wengine mliokaa hapa mkiangalia chini, hospitali mnaijua.

Nashoni, pumzika kwa amani. Umetajwa kama ulivyoagiza.