Mama Majina Akabidhi Daftari la Abiria

Baada ya miaka thelathini na mmoja langoni, karani wetu wa orodha ya abiria, ambaye bandari nzima inamwita Mama Majina, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni.

Alianza kazi miaka miwili baada ya ile meli ya zamani kupinduka katikati ya ziwa. Tiketi zilizouzwa zilijulikana. Watu waliopanda, hakuna aliyejua ni wangapi. Kaka yake alikuwamo. Kwa wiki tatu mama yao aliambiwa huenda mwanawe hakusafiri kabisa.

Ndiyo maana alipopewa meza, alikuja na daftari lake mwenyewe. Alitaka jina kamili na ndugu wa kupewa habari. Hata mtoto wa mgongoni aliandikwa. Foleni ilinung'unika, manahodha wakamshtaki kwa meneja, naye hakubanduka. Mfanyabiashara mmoja wa mitumba alijiandikisha "Mfalme wa Ziwa". Akaambiwa asogee pembeni mpaka akumbuke mama yake alivyomwita. Honi ilipolia alikumbuka mara moja.

Sisi wa dirisha la tiketi tulimcheka sana. Tuliacha kumcheka miaka tisa iliyopita, asubuhi moja ya upepo mkali, meli ilipogonga mabaki ya chombo kilichozama enzi za babu zetu. Ilianza kulalia ubavu. Maboti ya wavuvi yaliwahi, na kufikia saa sita mchana watu mia mbili na kumi na wawili walikuwa ghalani wakitetemeka ndani ya mablanketi. Daftari lilisema mia mbili na kumi na watatu.

Alisoma majina yote mara tatu. Aliyekosekana ni fundi cherehani. Mkuu wa bandari akasema labda amehesabu vibaya.

"Sijakosea," alijibu. "Kuna mtu."

Wapiga mbizi wawili wakarudi kumtafuta ndani ya meli. Wakati huohuo Mama Majina alimpigia simu mke wa fundi, ambaye namba yake ilikuwa kwenye daftari, huku akitafuta maneno ya kumwambia. Mke akamkatiza: "Mbona huyu hapa amelala, dada? Alishuka kununua sindano, meli ikamwacha."

Mama Majina alipiga kelele wapiga mbizi waitwe, kisha akakaa sakafuni palepale, akicheka na kulia. "Akiamka mwambie nitamchapa!" Wapiga mbizi walitoka. Robo saa baadaye meli ilikwenda chini tupu, haina hata roho moja.

Fundi alikuja kesho yake kuomba radhi. Alichapwa kweli, kwa kitambaa cha kufutia meza.

Tangu siku ile daftari lina safu ya walioshuka, mabaki yale yamewekewa boya, na bandari zote za ziwa hili zinaandika abiria kwa mtindo wake. Hakuna familia iliyorudi kuuliza hapa ikakosa jibu.

Jumatatu anavuka kwenda kwa bintiye aliyejifungua mapacha. Dada yetu, ahsante kwa ukaidi wako. Kuna watu wengi wanaolala usingizi kwa sababu ya ukaidi huo. Tunakuombea afya, wajukuu watundu na ziwa tulivu. Na asubuhi ya Jumanne, tafadhali, lala mpaka jua likuchome.