Mtoto wa Ndizi ya Masisi

Ndani ya basi la kwenda Munigi, mama mmoja alikuwa amepakata chipukizi la mgomba, amelifunga kwa kitenge. Muzee Habiyaremye, agronome, yaani bwana shamba, wa mtaa wetu, alilitazama majani.

"Mama, majani imekuwa kidogo, imesimama wima. Hiyo ni virusi. Uichome, vidudu visipeleke ugonjwa kwa ndizi ya majirani."

"Papa, kwetu binti akiolewa anapewa mutoto wa ndizi ya mama yake. Shamba ya Masisi tuliikimbia sababu ya vita. Nimebakia na hii tu."

"Nitakupa ingine, muzima."

"Hiyo ingine inamujua mama yangu?"

Agronome akayafunika tena majani kwa kitenge.

Basi likasimama. Mama akamwachia Muzee chipukizi, akatangulia kushuka. Muzee akampokeza chipukizi kwa mikono miwili, akikishikilia kichwa chake kama cha mtoto mchanga.