Betri ya Trekta na Betri ya Reli

Aliyeisimulia kwanza habari hii ni Costancia, yaani Mama Regina, Krismasi ya mwaka 1979. Ilitokea miaka minane kabla, Kimamba, kwenye benchi lake la kahawa karibu na stesheni. Saa kumi ya jioni ile, kwaya ya shule ya bintiye, Regina, ingeimba redioni, mara moja tu, na mawe ya redio yake, betri zile ndogo, yalikuwa yamekwisha. Madukani hayakuwapo. Cleopa, dereva wa trekta la shamba la mkonge, waliyemwita Mkonge, alileta betri ya trekta kwa baiskeli. Urbanus wa taa za reli, waliyemwita Behewa, alileta yake mkononi.

— Ya maji makali ndiyo betri, alisema Mkonge. Inawasha trekta, itashindwa redio?

— Ukiisahau tupu mwezi mzima, umeizika, alijibu Behewa. Hii yangu ya chuma ilale njaa hata mwaka, ukiichaji inaamka. Na nyepesi.

— Nyepesi kama uji wa mgonjwa! Tena imezoea treni. Mtangazaji atasimama kila stesheni!

— Na yako itawapa wasichana sauti za madume!

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame!

— Mvungu uko wapi hapa, Mkonge?

— Nasema hivi: kwa nguvu ya betri hii, tutawasikia hata kabla hawajaimba!

Costancia akagonga buli kwa kijiko.

— Nyie! Saa kumi hiyo inaingia. Redio yangu inakula mawe manne. Ipi haitaiunguza?

Mkonge akakuna kidevu, akakiri kwamba ya trekta ina nguvu ya mawe manane. Behewa, ambaye yake ilikuwa na nguvu ya mawe manne tu, alikwisha shika nyaya. Redio ikakoroma, ikakohoa, kisha wasichana wakaimba.

— Ndio hao! Ndio hao!

Aliyepiga kelele kuliko wote ni Mkonge, kahawa ikimmwagikia kifuani. Hildegarda, binti wa jirani, akaja mbio.

— Shikamoo, Mama Regina.

— Marahaba. Njoo umsikie mwenzio!

Hildegarda akainama, akasikiliza.

— Katika sauti zote hizo, ya Regina ni ipi?

Mkonge akamtazama Behewa. Behewa akaongeza sauti. Costancia akaegemeza sikio kwenye redio, macho ameyafumba, akabaki hivyo mpaka wimbo ukaisha.

Cleopa na Urbanus wamekwisha fariki. Hildegarda yuko Kidodi. Costancia yu hai. Regina naye yu hai, anaishi Mikumi.