Koki ya Pembeni

Ndugu zangu, asubuhi ile nilipaswa kusema hapana. Mkuu wa kituo aliniuliza kama tunaweza kupitisha gesi bila kuisafisha, nami nikamjibu kwamba inawezekana. Mmeniomba nisimulie nilivyoanguka na nilivyoinuka; basi nilianguka hapo.

Ilikuwa miaka ya sabini, kule Mbeya, upande wa makaa ya mawe. Nilikuwa nimetoka Iringa na cheti changu cha kidato cha nne. Kituo chetu kilikuwa kidogo, cha majaribio. Tulitoa gesi kwenye makaa, tukitumaini siku moja itatupa mbolea ya mahindi. Mpaka leo naukumbuka ukungu wa kule, uji wa moto, na rafiki yangu Mnyakyusa tuliyekaa naye chumba kimoja. Gesi ile ilikuwa na salfa, ikinuka mayai viza. Nikikunja uso, ananitania: "Kumbe pua unayo? Nilidhani pombe ya ulanzi ya kwenu imeshaimaliza."

Gesi ilipita kwanza kwenye sanduku la maranda yaliyochanganywa na kutu ya chuma. Kutu ilinasa salfa. Maranda yakiwa meusi, tuliyaanika nje mpaka hewa iyarudishie wekundu. Baada ya sanduku palikuwa na bomba lililojaa punje za zeolaiti, jiwe lenye vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, na ndani ya vitundu mlikuwa na nikeli. Nikeli ndiyo iliyofanya kazi ya kuibadili gesi. Salfa ikiifikia huing'ang'ania, na kazi inakoma. Punje zetu zilikuwa za aina mpya, zikisifiwa kustahimili salfa kuliko za zamani. Nawaambia, sifa ile ilikuwa ya kweli. Nilizipima mwenyewe. Lakini nilijua pia kwamba zinastahimili salfa kidogo tu.

Wakaja wageni wakubwa. Mvua ilikuwa haijakatika, maranda meusi hatujaweza kuyaanika. Mkuu hakutaka kuahirisha maonyesho, na mimi nilitaka nionekane kijana anayeweza. Nikamwambia rafiki yangu afungue koki ya pembeni, gesi ipite bila kuingia sandukuni.

Akasita. "Una hakika, ndugu yangu?"

"Zitastahimili," nikasema.

Akafungua, kwa kuwa ni mimi niliyemwambia.

Wageni walipiga makofi wakaondoka. Kesho yake punje zilikuwa zimekufa. Tulipitisha gesi safi kwa joto kali, zikaamka kidogo, hazikurudi kama zamani, na nyingine hatukuwa nazo. Waliokuja kuchunguza walipouliza, mkuu alisema rafiki yangu amefungua koki bila kuagizwa. Rafiki yangu hakubisha. Alinigeukia mimi, akangoja. Nikatazama sakafu.

Alifukuzwa siku hiyohiyo. Mimi nilibaki kwa muda, kisha kituo kikafungwa, nikarudi Iringa kuunywa ule ulanzi alionitania nao rafiki yangu. Niliunywa mpaka shangazi yangu akawa anakuja kunichukua kilabuni kama mtoto. Siku moja, nikiwa nimelewa, nikawasimulia wanywaji kisa cha kituo, na kinywa changu kikamtaja Mnyakyusa mmoja mjinga aliyeua mtambo. Wakacheka sana. Nilipowasikia wanamcheka, niliweka kikombe chini, na tangu hapo sijakishika tena.

Nikafunga safari hadi Ubaruku, nilikosikia analima mpunga. Alinikaribisha. Mkewe akatupikia wali, tukala sahani moja. Nikamweleza yote, naye akasikiliza hadi mwisho.

"Nimekusamehe, na Mungu anasikia," akasema. "Ila usirudi hapa. Nikikuona, naiona siku ile."

Namshukuru marehemu shangazi, aliyenibeba bila kunisema. Nawashukuru wazee wa usharika huu mlionipokea nikiwa natetemeka, mkanipa jembe na mahali pa kukaa. Fundisho langu ni dogo: mtu akiwa mvumilivu, msimtwishe mzigo wenu kwa sababu hiyo. Kila anayestahimili ana kiasi chake.

Nilitii. Sikurudi Ubaruku. Nimeoa, nimelea watoto, nimezeeka katikati yenu kwa amani. Lakini rafiki kama yule sikupata mwingine, na alipozikwa, mimi sikuwepo.