Mafriji Yote Upande wa Kushoto

Mheshimiwa Mwenyekiti wa jumuiya, masheikh wetu, mama zangu mliopika, ndugu wageni waalikwa: mimi Amour nina miaka themanini na mbili. Nimekizika kiwanda cha magari cha Longbridge, hapa Birmingham, nilichokifanyia kazi, nimezika wake wawili, na daktari aliyenikataza chumvi naye nimemzika.

Leo mnaniaga katika kazi ya kupakia kontena letu la kwenda Unguja. Miaka thelathini, na kuandika kwenyewe najua kwa taabu. Hotuba hii imenila siku nne. Nani hapa amewahi kunizidi kwa kupanga shehena? Nyamazeni, najua hakuna.

Mnaniona naugusa mfuko kila mara. Ni simu. Mjukuu wangu Raisa, aliyekulia humu ukumbini, ndiye anayepanga mizigo ya kile chombo kisicho na rubani, kinachopeleka maji na chakula kwa watu wanaoishi kituoni kule angani. Jana kilibakisha mita mia mbili kifike, kikasita, kikarudishwa nyuma. Wanachunguza kama uzito umelalia upande mmoja. Saa hii ninaposema, kinajaribu tena. Kikishindwa kitaachwa kianguke kiungue hewani, na atakayeulizwa ni Raisa.

Nanyi mnanong'ona, nimewasikia kwenye foleni ya chai: si babu yake ndiye aliyemfundisha? Kweli, nimejisifu hivyo Birmingham nzima. Basi sikilizeni.

Mnalikumbuka kontena lililolala ubavu kwenye kipilefti kule Great Barr, cherehani za watu zikavunjika? Mimi nilikuwa napanga kwa mitaa ya kule Unguja, ili kushusha kuwe rahisi: watu wa Ng'ambo kushoto, watu wa Mji Mkongwe kulia. Mwaka ule wa Ng'ambo wote wakaleta mafriji, wa Mji Mkongwe wakaleta magodoro. Raisa, miaka kumi na mmoja, akaniambia kwa Kiingereza chake kwamba mzigo umeinama. Nikamwambia akanywe chai.

Lawama nikamtupia dereva, Davinder, mzaliwa wa Kisumu. Nikasema alikata kona mbio. Tukamnyima kontena letu tangu siku ile. Alinijibu hivi tu:

"Mzee, wewe unajua, na mimi najua."

Davinder alikuwa akienda polepole kuliko bibi harusi. Na makontena yote yaliyofika salama baada ya pale, aliyapanga Raisa kwa penseli. Mimi nilibeba mafriji na sifa. Sikumfundisha kitu mtoto yule.

Kwa nini nayasema sasa? Kwa sababu simu ikileta habari njema, najijua, nitajisifu tena.

Nawashukuru kwa koti hili, ingawa mikono mifupi. Anayetaka shahidi amuulize Davinder, yule pale mlangoni, aliyekuja bila kualikwa. Mwenyekiti, mpe kiti changu cha mbele. Asanteni kwa kunistahimili. Simu inatetemeka; siipokei mpaka Davinder akae.