Mafuta ya Mkiani na Mafuta ya Tumboni

Assalamu alaykum, wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu. Imamu ameniomba nisimame baada ya swala niwaeleze nilivyopona. Nitaeleza. Jina la mtu silitaji, basi msianze kutazamana.

Mnanijua, mimi ni muuza nyama hapa Msambweni. Nilikuwa na sahibu yangu, tumekula sahani moja tangu utotoni. Yeye anachinja, mimi nauza. Tulikuwa tukipanda mnadani Kinango, tunanunua kondoo, tunawaswaga kwa miguu siku mbili mpaka huku.

Huyo bwana, haki yake nampa, alikuwa na macho. Akipasua kondoo humsoma kama kitabu. "Mtazame huyu," akaniambia siku moja. "Mkia mzito, mafuta yote yamekaa mkiani. Ini lake jekundu, zuri. Ametembea kutoka Kinango bila kuhema. Sasa njoo umwone huyu."

Huyu wa pili alikuwa katika wale tuliowafunga uani tukawalisha machicha ya nazi kwa ajili ya arusi, maana mwenye arusi anataka mnyama wa mviringo. Mkia mwembamba, miguu myembamba, lakini ndani! Figo zimezama katika mafuta, utumbo umefunikwa mafuta, ini limepauka, ukilibonyeza kidole kinaingia. Wengine wa namna hiyo walitufia kambani kabla arusi haijafika.

"Mafuta ya mkiani ni akiba," akasema. "Haya ya tumboni yanamla mwenyewe."

Nikacheka. Nami wakati huo, ndugu zangu, nilikuwa na tumbo! Miguu fito, tumbo limetangulia. Kutwa nimekaa dukani, chai ya sukari na mahamri, jioni wali wa nazi. Watu wakipita, "Mashallah, bwana umenawiri." Na aliyenisifu kuliko wote ni sahibu yangu. "Ongeza," akisema, "tumbo ni heshima ya mwanamume."

Kisha kiu ikaanza. Nikawa naumaliza mtungi mimi peke yangu. Nilipokojoa, siafu na sisimizi wakajaa. Nyayo zikafa ganzi. Nikamweleza sahibu yangu yote hayo, naye akasema, "Ni uchovu tu. Wewe pumzika, Kinango nitakwenda mimi." Nilimshukuru, tena kwa machozi. Mjinga mimi!

Siku moja nikajikokota mpaka machinjioni. Sijaingia bado, nikasikia sauti yake nyuma ya ukuta. Amepasua kondoo wa kambani, ameshika ini.

"Hili ndilo ini la mwenzangu," anawaambia watu. "Miguu fito, tumbo mtungi. Mimi nimeziona dalili zake tangu mwaka jana. Idi haifikii huyu! Na kule Kinango sasa wananijua mimi."

Wakacheka wote. Baadhi yenu mlikuwapo, na mko hapa leo.

Mwaka mzima, jamani! Neno moja tu angeniambia. Kikulacho ki nguoni mwako, waliosema hivyo hawakukosea. Nilishika ule ukuta nikalia, mwanamume mzima.

Mke wangu alipoyasikia hakulia. Alinishika mkono mpaka zahanati. Dresa, mtabibu wa pale, akachemsha mkojo wangu na dawa ya buluu, nayo ikageuka rangi ya tofali. "Sukari," akasema. Nikamwambia habari ya ini la kondoo. Akanitazama. "Mimi kondoo siwajui, mzee, lakini tumbo hilo lipunguze. Acha sukari, punguza wali, tembea."

Mke wangu akaipeleka sukari yote kwa jirani. Nikanuna, nikagomba, hakuirudisha. Nikarudi Kinango kununua kondoo kwa mkono wangu. Mama mmoja Mduruma, mfugaji, alipoona ninavyohema akanichagulia kondoo wazee, waendao polepole, akasema, "Enda nao hawa, mwendo wenu ni mmoja." Nikaenda nao. Wiki baada ya wiki, mpaka kiu ikanitoka, na kikoi hiki kikawa kinanizunguka mara mbili.

Namshukuru Mola. Namshukuru mke wangu, na dresa, na mama yule wa Kinango. Funzo langu ni fupi: ukiona dalili kwa mwenzio, mwambie yeye, usiwaambie watu.

Na huyo bwana? Juzi juzi nimemwona. Tumbo limetangulia, miguu imekonda, na kata ya maji haitoki mkononi. Wallahi nilitaka kunyamaza. Siku tatu nilinyamaza, na nilifurahi, sifichi. Siku ya nne nikaenda nikabisha mlango wake.

"Nenda zahanati," nikamwambia. "Una ini la yule kondoo."

Akainamisha uso. Mkono sikumpa, na kumsamehe bado sijamsamehe. Lakini nimemwambia.